Kalibu, moshi na udongo wa Uru: tathmini ya somo la Jumamosi katika Eneo la Viwanda, Nairobi

Katika miezi mitatu iliyopita nimehudhuria mara mbili somo la Jumamosi linalotolewa na karakana ndogo ya ufinyanzi iliyo katika Eneo la Viwanda, upande wa Barabara ya Lunga Lunga. Mara ya kwanza nilikwenda na mpwa wangu, na mara ya pili nikawapeleka wanafunzi 14 wa kidato cha tatu kutoka shule ninakofundisha historia. Somo huchukua saa nne, na mada yake ni vitu vya udongo vilivyopatikana Diqdiqqah, kitongoji cha kazi za mikono kilichokuwa nje ya mji wa kale wa Uru, kusini mwa nchi tunayoiita Iraki leo. Nasema mapema kwamba nalipendekeza somo hili kwa moyo wote, hasa kwa walimu, ingawa kuna mambo ambayo wenye karakana wanapaswa kuyarekebisha, na moja kati yake ni zito.

Wasomaji wa Biblia wanaujua mji huo kwa jina la Uru wa Wakaldayo, kule alikotoka Abrahamu. Wanahistoria wanaujua zaidi kupitia uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mwingereza Leonard Woolley kuanzia mwaka 1922 hadi 1934, kwa niaba ya Makumbusho ya Uingereza yaliyoko London na makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania yaliyoko Philadelphia, Marekani. Kila kitabu kinachozungumzia uchimbaji huo huanza na makaburi ya kifalme: taji la dhahabu la Malkia Puabi, vinubi vyenye vichwa vya fahali, na watumishi waliozikwa pamoja na mabwana zao. Karakana hii imeyaacha hayo yote pembeni. Imechagua vitu ambavyo mtu wa kawaida angevikanyaga bila kuviona: vibao vya udongo vyenye picha, vigari vya magurudumu mawili vinavyotosha kiganjani, vitanda vidogo, na kalibu zilizotumika kuvitengeneza. Uchaguzi huo peke yake ulinitoa nyumbani, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kuona mtu hapa Nairobi akiwapa mafundi wa Mesopotamia, yaani Iraki ya kale, nafasi ya mbele na kuwaweka wafalme nyuma.

Saa ya kwanza hutumika ukutani, mbele ya ramani iliyochorwa kwa mkono. Ramani inaonyesha mji wenye kuta, mnara wa ngazi uliojengwa na Mfalme Ur-Nammu takriban mwaka 2100 KK, bandari mbili, na mifereji inayotoka katika Mto Frati. Diqdiqqah iko kaskazini-mashariki ya mnara, kiasi cha kilomita mbili, karibu na mfereji. Kijana anayeongoza somo anaeleza vizuri kwa nini kazi za udongo zilifaa kuwekwa mahali kama hapo. Mfinyanzi anahitaji udongo mwingi, maji mengi na kuni au matete ya kuchomea, na joko lake linatoa moshi ambao jirani hautaki; tena mzigo wa vyungu ni mzito na unavunjika upesi, kwa hiyo mashua ya mferejini ni bora kuliko mgongo wa punda. Akauliza wanafunzi wangu kwa nini viwanda vya Nairobi viko huku na si Westlands. Mmoja akajibu mara moja kwamba ni kwa sababu ya reli, na wakati huohuo tukasikia honi ya gari moshi nje. Sijui kama kijana aliupanga wakati wake, lakini darasa zima lilielewa mfereji wa Uru kuanzia dakika ile.

Hapohapo ukutani ndipo ilipojitokeza kasoro ya kwanza. Nilipokwenda mara ya kwanza, kijana alisema kwamba mafundi wa Uru walifukuzwa mjini kwa kuwa walidharauliwa, na waliohudhuria wakaandika hivyo madaftarini. Dai hilo halina mguu wa kusimamia. Vibao vya maandishi vilivyochimbwa Uru kwenyewe, vya wakati wa Ibbi-Sin, mfalme wa mwisho wa Nasaba ya Tatu ya Uru (ukoo wa tatu wa wafalme wa mji huo), vinataja karakana za wafua dhahabu, wachonga mawe, maseremala, wahunzi, watengeneza ngozi na wafumaji wa matete, pamoja na mahudhurio ya wafanyakazi wake. Utawala uliowahesabu hivyo ulikuwa unawahitaji. Zaidi ya hayo, uchunguzi uliofanywa na wanaakiolojia Elizabeth Stone na Paul Zimansky huko Mashkan-shapir, mji mwingine wa zama zinazokaribiana, kuanzia mwaka 1987 hadi 1990, ulionyesha kwamba mabaki ya kazi za mikono yalitawanyika karibu kila upande wa mji, ndani ya kuta. Kitongoji cha mafundi hakimaanishi kwamba mjini hapakuwa na fundi, kama vile kuwapo kwa Eneo la Viwanda hakujawaondoa mafundi wa Gikomba na Kamukunji, masoko yaliyo katikati ya watu hapa Nairobi. Nilimweleza kijana hayo baada ya somo, naye alinisikiliza kwa adabu na kuandika. Niliporudi mara ya pili, maneno yale hayakutajwa tena. Nampa sifa kwa hilo.

Baada ya ukuta, mnahamia mezani, na hapa sina budi kueleza kwa kirefu, kwa sababu hiki ndicho unacholipia.

Kila mtu anapewa donge la udongo lenye ukubwa wa ngumi na kalibu moja ya udongo uliochomwa. Kalibu ina umbo la kibao kinene kilichobonyea upande mmoja, na ndani ya mbonyeo huo kuna picha iliyogeuzwa kinyume. Yangu ilikuwa ya mwanamume anayepiga ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Kalibu nyingine zilikuwa na mwanamke aliyesimama uso kwa mbele akiwa ameshika mikono kifuani, mungu mwenye kofia ya pembe, na nyani. Zote ni nakala zilizotengenezwa hapohapo kwa kufuata picha za vitu halisi, picha ambazo makumbusho ya London na Philadelphia yameziweka wazi mtandaoni ili mtu yeyote azitazame bila malipo. Mtindo wa kutengeneza picha kwa kalibu ulienea Mesopotamia kuelekea mwisho wa milenia ya tatu KK, na ukashamiri sana katika karne zilizofuata, hadi kufikia mwaka 1600 KK hivi. Kabla ya hapo sanamu ndogo za udongo zilifinyangwa moja moja kwa vidole.

Fundi mkuu wa karakana, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye wanafunzi walimwita Mzee tangu mwanzo hadi mwisho, alitufundisha namna ya kubonyeza. Unaanza katikati ya picha, na unasukuma udongo kwa dole gumba kuelekea pembeni, ili hewa isibaki ndani ya uso wa sanamu. Ukianzia pembeni, pua ya mpiga ala inatoka na shimo. Ukiweka udongo mwingi mno, kibao kinakuwa kinene na kitapasuka jokoni. Ukiweka kidogo, kinavunjika unapokitoa. Binti mmoja katika darasa langu alikuwa akisitasita, huku udongo wake ukizidi kukauka mezani, na Mzee akamwambia, "Mwanangu, udongo uwahi ungali maji." Sote tumeusikia usemi huo tangu utotoni tukidhani unahusu kulea watoto peke yake.

Kisha mnasubiri. Hii ni sehemu ambayo watu wasio na subira wanaweza kuilalamikia, kwa sababu kwa karibu nusu saa hakuna cha kufanya ila kunywa chai na kutazama kalibu. Mimi naiona kuwa sehemu bora ya siku. Kalibu iliyochomwa hunyonya maji ya udongo mbichi. Udongo unapopoteza maji unapungua ukubwa, unajivuta taratibu kutoka kwenye kingo, na mwishowe unaachia wenyewe. Ukiinamisha sikio unasikia mlio mdogo sana, kama wa ganda la karanga. Unapindua kalibu juu ya kiganja, na mpiga ala anakuangukia akiwa mzima, na nyuzi zake zinahesabika. Mgongo wa kibao unabaki tambarare, na juu yake zimo alama za dole gumba lako. Kijana alileta kompyuta na kutuonyesha migongo ya vibao vya kale, ambayo vitabu huichapisha kwa nadra kwa kuwa haina uzuri. Baadhi ilikuwa na alama zilezile za vidole, za mtu aliyebonyeza udongo miaka elfu nne iliyopita na hakuona haja ya kulainisha upande ambao mnunuzi hatautazama. Wanafunzi 14 wa umri wa miaka kumi na saba walinyamaza. Mwalimu yeyote atakuambia jambo hilo halitokei kila siku.

Jambo lililonifurahisha zaidi, hata hivyo, lilikuja kwa swali la mwanafunzi. Aliuliza, "Mzee, kalibu ikivunjika mnafanyaje?" Mzee akasema kwamba anachukua kibao kilichotokana na kalibu hiyo, anakibonyeza katika udongo mpya, anaichoma ile alama, na hapo amepata kalibu nyingine. Akaongeza kwamba kalibu ya pili huwa ndogo kuliko ya kwanza. Tulichukua rula. Kibao kilichochomwa kutoka kalibu ya kwanza kilikuwa na urefu wa sentimita 11.0, kile cha kalibu ya pili kilikuwa na sentimita 10.1, na macho ya mpiga ala yalikuwa yameanza kufifia; kile cha kalibu ya tatu kilishuka hadi sentimita 9.3, na vidole vyake havikuonekana tena. Udongo hupungua unapokauka na hupungua tena unapochomwa, kwa hiyo kila kizazi cha nakala ni kidogo na chenye picha hafifu kuliko kilichotangulia. Wanaakiolojia hutumia kanuni hiyohiyo kupanga vibao vinavyofanana, vilivyotokana na mfano mmoja, na kujua kipi ni babu na kipi ni mjukuu. Wanafunzi walivipanga vibao vitatu mezani wenyewe, bila kuambiwa. Katika kidato cha kwanza tuliwafundisha Mesopotamia kwa mistari minne kuhusu umwagiliaji na nafaka, wakaikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakaisahau. Vibao vile vitatu hawatavisahau.

Kalibu pia hubadilisha maswali tunayoweza kuuliza. Kibao kimoja peke yake kinaweza kuwa kimetoka popote, kimepotezwa na msafiri au kimeuzwa mara kumi. Kalibu ni kifaa cha kazi, na kifaa hukaa alipo fundi. Ndiyo maana kupatikana kwa kalibu pale Diqdiqqah, pamoja na wingi wa sanamu na vigari, kulimfanya Woolley akione kitongoji hicho kuwa mahali pa kutengenezea vitu. Hoja hii kijana aliieleza kwa dakika mbili, na aliieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza mimi.

Sasa niseme lile zito. Juu ya kila nakala iliyotundikwa ukutani kuna kadi inayosema kitu hicho kilipatikana "katika nyumba ya mfinyanzi", na baadhi ya kadi zinataja hata chumba. Hilo si sahihi. Diqdiqqah haikuchimbwa kama makaburi ya kifalme yalivyochimbwa, tabaka kwa tabaka na kwa michoro ya vipimo. Vitu vingi vyake viliokotwa juu ya ardhi, mahali ambapo jembe na mvua vilikuwa vimekwisha kuvitoa, na kupelekwa kwa Woolley na wenyeji wa eneo hilo. Naye alikuwa na desturi ya kuwalipa wafanyakazi wake bakshishi kwa walivyovipata ili visiishie kwa wachuuzi wa vitu vya kale. Kwa hiyo tunajua kwa uhakika mzuri kwamba vitu hivyo vilitoka katika kitongoji hicho, lakini vingi havina nyumba, havina chumba wala jirani. Kuvipa chumba kwenye kadi ni kuvunja jambo lenyewe ambalo somo linajaribu kulifundisha.

Naomba nieleweke, kwa kuwa baadhi ya wageni tuliokuwa nao waliona kwamba nakuza jambo dogo. Chukulia kwamba mtu amekusanya vitu vya Kamukunji ndani ya gunia: jiko la makaa, sanduku la bati la mwanafunzi, karai, nyundo iliyochakaa. Ukifungua gunia hilo utajua mengi kuhusu kinachotengenezwa Kamukunji. Hutajua kama nyundo ile ilitengeneza jiko lile, wala kama mwenye karai na mwenye sanduku walikuwa ndugu, washindani au watu wa vizazi viwili tofauti. Maarifa hayo yalikuwa katika nafasi ya kila kitu sakafuni, na yalipotea kitu kilipookotwa. Mwanafunzi anayetoka pale akiamini kwamba chumba kilijulikana ametoka bila somo muhimu kuliko yote ya akiolojia. Kadi hizo zinaweza kuandikwa upya kwa saa moja na kalamu moja.

Kasoro nyingine ya namna hiyohiyo ni ndogo zaidi. Vibao vya mwanamke aliye uchi vyote vinaitwa pale "mungu wa kike wa uzazi". Wataalamu hawajakubaliana kuhusu hilo. Mwanamke huyo mara nyingi hana kofia ya pembe, ambayo katika sanaa ya Mesopotamia ndiyo alama ya uungu, na vibao vya aina hiyo vimepatikana katika nyumba za watu wa kawaida na pia katika mahekalu. Vilevile vile vigari vya udongo: wengine husema ni vitu vya kuchezea watoto, wengine husema ni sadaka, kwa sababu ubao wa mbele wa baadhi yake una picha ya mungu. Ningependa kadi ziseme tu kile kinachoonekana, na kumwachia mtazamaji swali.

Kuhusu uchomaji, vibao hubaki karakanani kwa siku kumi ili vikauke kivulini, kisha huchomwa pamoja katika joko la kuni nyuma ya jengo. Joko lenyewe limejengwa kwa mtindo wa zamani: moto chini, sakafu yenye matundu, na vyombo juu. Kati ya vibao 14 vya wanafunzi wangu, vitatu vilipasuka. Nilipigiwa simu kabla ya siku ya kuvichukua, nikaambiwa ukweli, na wanafunzi watatu wakaalikwa warudi kufinyanga upya bila malipo. Mzee aliwaonyesha vigae vya vibao vyao, akawawekea kidole mahali ambapo hewa ilikuwa imebaki, na binti yule aliyekuwa akisitasita akaelewa kwamba alianzia pembeni. Ningetamani karakana zote za Nairobi, za magari na za nguo, ziwe na uaminifu wa aina hiyo. Rangi ya vibao ilitoka nyekundu, kwa sababu udongo unatoka Murang'a, ilhali vya Uru vingi vina rangi ya hudhurungi nyepesi, na vingine hufikia kijani hafifu, kutokana na chokaa iliyomo katika udongo wa bonde la Frati. Karakana inalisema hilo waziwazi kwenye karatasi unayopewa, na nimelipenda.

Mtu mzima analipa shilingi 3,500, na mwanafunzi anayekuja na shule analipa 1,500. Bei inajumuisha udongo, kalibu, chai, na uchomaji. Si bei ndogo kwa shule kama yetu, na tulilazimika kuchangisha, lakini ukigawanya kwa saa nne na ukakumbuka kwamba mtoto anaondoka na kitu alichokitengeneza mwenyewe, siwezi kusema ni ghali. Matatu za Lunga Lunga zinakushusha mwendo wa dakika saba kutoka langoni. Barabara ya mwisho ina matope mvua inaponyesha, kwa hiyo vaeni viatu vya kazi. Choo ni kimoja tu kwa watu wote, na kwa kundi la zaidi ya watu kumi hilo ni tatizo la kweli. Mwanga wa meza ya nyuma hautoshi, na waliokaa huko hawakuiona vizuri picha iliyomo ndani ya kalibu.

Walimu wanaotaka kuwapeleka wanafunzi wafike mapema, saa tatu asubuhi, kabla wageni wengine hawajajaza meza za mbele. Na ukipiga simu kuweka nafasi, omba kwa jina zoezi la kalibu ya pili na ya tatu. Halimo katika ratiba ya kawaida. Sisi tulilipata kwa sababu tu mwanafunzi aliuliza, na inabidi Mzee aambiwe wiki mbili kabla ili awe na vibao vya vizazi vyote vitatu vilivyokwisha kuchomwa.